Nyumba ya Babu Inahama na Mbuzi Wake

Jumapili, 2 Novemba 2025

Kwanza niliweke sawa hili, maana nimeshalisikia kwa watu chungu nzima na wote wanalihadithia vibaya. Msikitini Mabela wanasema watu wa turathi walimtaka Muatasim, mie nikajipenyeza. Uwongo. Kwenye harusi ya jana usiku nikasikia ati nimelia mbele ya bibi afisa mpaka kanionea huruma. Uwongo mtupu. Mke wangu Ruqaya anasema nimechaguliwa kwa kuwa wazee wengine walikuwa wamesinzia. Huyo wivu tu.

Kisa chenyewe hiki. Barabara mpya inapita juu ya nyumba ya babu yetu, hapa Muscat, kule karibu na Bustan. Nyumba ya mawe na udongo. Siku hizi hawalali humo ila popo, sisi sote tumehamia Mabela kwenye viyoyozi. Basi wakaja watu wa turathi, wakasema nyumba haivunjwi, inahamishwa. Jiwe kwa jiwe! Kila jiwe linapigwa nambari, linapakiwa kwenye lori, linapelekwa kiwanja kipya nyuma ya Madinat Sultan Qaboos, linapangwa vilevile lilivyokuwa. Na humo ndani watatia spika, mzee mmoja wa ukoo ahadithie wageni mwaka mzima, hata akishakufa.

Mzee mmoja. Nyumba moja. Sauti moja. Sasa nani kama si mie?

Jana kaja Hadeel, huyo bibi afisa, binti mdogo, miwani mikubwa. Akaanza Muatasim, mtoto wa ami yangu. Alikuwa karani wa forodha, mpaka leo anazungumza kama anagonga mihuri. Akasema babu alikuwa akiuza ndimu kavu, na akipenda kulala. Basi. Kamaliza. Hadeel akafunga begi lake. Nikamwambia, mwanangu, ndimu kavu zilikuwa za kuwazuga maadui, khabari khasa ni ya chui. Akalifungua begi. Nimechaguliwa hapohapo, kahawa haijapoa. Muatasim kaondoka bila kuaga, kavaa kiatu kimoja changu kimoja chake.

Magharibi kapiga simu dada yangu Mahbuba. Ati kesho nisisahau kuwaambia khabari ya chumba cha mama. Nikamwambia asitie shaka. Mie lini nimesahau kitu?


Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimerikodiwa. Kanzu mpya, kilemba cha harusi, udi nimejifukiza mpaka Rufus akapiga chafya. Rufus ni Mkenya, ndo msimamizi wa vibarua watakaoivunja nyumba na kuijenga tena. Mtu mzuri, ila hana adabu ya kusikiliza. Nilipofika pale babu alipomkamata chui kwa birika la kahawa, akaniuliza kama kahawa ilikuwa ya moto. Nikamwambia ilikuwa ya moto ndio maana chui akaomba radhi. Akaenda kusimama nje, mabega yanamtikisika.

Hadeel lakini alikuwa ananinywa kama sharbati. Nikampa ya babu kupokea wajumbe kumi na saba kwa usiku mmoja. Nikampa ya babu kunena na falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, mpaka ikapandisha maji mlimani. Muatasim kakaa pembeni, kila nikifungua mdomo yeye anakohoa. Nikamwambia Hadeel, msamehe ndugu yangu, kifua chake kimejaa vumbi la forodha.

Mambo yote mazuri, mpaka tukatoka uani.

Uani kuna kile chumba. Matofali ya saruji, bati juu, na nje yake baraza ya kukalia kama zile za Ng'ambo, Unguja. Hadeel akauliza, na hiki nini?

Hapa niandike ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Tulipotoka Unguja mwaka sabini na moja, nyumba ilikuwa imejaa jamaa. Tukapewa ua. Baba akajenga chumba kile kwa mkono wake, mama akaingia, na ndipo maisha yetu ya hapa yalipoanzia. Nilikuwa na miaka kumi na tano, Kiarabu changu cha kuombea dua tu. Nikienda kununua mkate, muuzaji huwaita wenziwe waje wanisikilize. Miaka hamsini na kitu imepita. Bado nikinunua samaki jamaa ananiuliza kwa upole, mzee umetoka wapi? Nimetoka Mabela, mwana wee, na gari langu lile pale!

Sasa nimekaa saa nzima kumjengea babu nyumba ya mashujaa, wajumbe, chui, halafu niseme huku nyuma walikaa watu waliokuja na meli, hawajui kuomba chumvi? Ningeonekana mgeni ndani ya nyumba yangu.

Nikasema, hilo banda la mbuzi.

Hadeel akaandika. Muatasim akaacha kukohoa. Akanisogelea akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, mbuzi gani hao, Yaarub? Nikamwambia, haohao waliokulea. Maana na yeye alikula kwa mama mle ndani mpaka akaota ndevu. Akanitazama. Akamtazama Hadeel. Na yeye hakusema kitu, karani mzima! Nikajua si mie peke yangu ninayeulizwa nimetoka wapi.


Jumatano, 5 Novemba 2025

Balaa.

Nimekwenda Bustan kuwasimamia. Hawajaniomba, lakini kazi bila jicho la mwenye nyumba huharibika. Rufus na watu wake wanapiga nambari. Rangi nyekundu kwa kila jiwe linalohama. Nikamwonyesha jiwe ambalo babu alikuwa akikalia, nikataka lipewe nambari moja. Akaniambia nambari moja ishachukuliwa na choo.

Ndipo Mahbuba akashuka kwenye gari, kaletwa na mjukuu wake. Miguu inamuuma, dada yangu, lakini siku akitaka kufika hufika. Kapita kwenye mawe yote yenye nambari, hakuyatazama. Moja kwa moja uani.

Mlango wa chumba cha mama umepigwa alama kubwa ya msalaba, ya rangi nyeusi.

Akamwuliza Rufus maana yake. Rufus akamwambia kwa adabu, hii ni ya kuvunja, mama, tingatinga inakuja wiki ijayo. Akamwuliza nani kasema. Mie nikaanza kuangalia paa la jirani. Rufus masikini hajui, akasema, si mzee huyu hapa amesema ilikuwa ya mbuzi?

Mahbuba hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Kaolewa kutoka chumba kile. Wanawake wote waliotoka Unguja walikuwa wakikusanyika mle jioni kwa mama, ndo pahala pekee Muscat nzima walipoweza kusema wakamaliza sentensi. Mama kafia mle, mkono wake umo mkononi mwa Mahbuba. Mie nilikuwa nje nalumbana na muuza ubani.

Akanigeukia. Akasema, "Mama alizaa mbuzi wangapi, Yaarub?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina mpango. Akamwambia mjukuu wake, nipeleke nyumbani, hapa pananuka.


Ijumaa, 7 Novemba 2025

Chakula cha Ijumaa kwa Mahbuba, kama desturi. Watoto, wajukuu, wakwe, mkeka umejaa. Wali wa nazi na mchuzi wa pweza, ile harufu unaisikia kutoka barabarani. Kila mtu kapakuliwa. Mie nikaletewa sahani ya majani ya figili. Majani matupu, mabichi, na kijiwe cha chumvi pembeni.

Nikasema dada umenisahau.

Akasema hajanisahau, ila kasikia ukoo wetu wa mbuzi, na mbuzi hawali pweza.

Wajukuu wakaangua kicheko. Yazan, yule mwenye meno yaliyong'oka, akanipigia sauti ya mbuzi, tena kwa ufundi. Ruqaya, mke wangu wa ndoa, mama wa wanangu, akacheka mpaka akatoa machozi, huku anakula pweza wangu.

Nikala majani. Nimekula yote, na chumvi nimelamba, ili wajue mie si mtu wa kushindwa.

Baada ya kahawa Mahbuba akaniita pembeni. Sasa hakuwa anacheka. Akasema nyumba ya babu waipeleke watakako, hata mwezini, yeye haimkhusu. Anachotaka chumba cha mama. Akasema Jumapili niende kwa yule binti nikamwambie chumba kile kilikuwa cha nani. Jina la mama nilitaje, na nitaje tulikotoka. Tingatinga ikikigusa, nisikanyage tena mkeka wake. Wala mazikoni kwake nisije, akasema, maana ataondoka na hasira na hataki kunikuta mlangoni.

Nimerudi nyumbani. Nimekula mkate na jibini, chini ya bomba la kiyoyozi, peke yangu.


Jumapili, 9 Novemba 2025

Nimesema kweli leo. Tarehe naiandika kwa wino mzito.

Nimekwenda ofisini kwa Hadeel asubuhi, bila kilemba cha harusi, bila udi. Nikamwambia yote. Meli, mwaka sabini na moja, matofali ya baba, mama na wanawake wake, mpaka muuza mkate. Sijatia chui hata mmoja. Nikamaliza, nikangoja alie.

Akanikaribisha tende. Kisha akaniambia kwa upole mkubwa: "Ami yangu, kila ukoo baada ya wiki moja huwa na mama."

Ati ndivyo ilivyo kazi yao. Wakishaambiwa kitu kinavunjwa, jamaa hurudi mbio na mama, na shangazi, na walii aliyezikwa chini ya tangi la maji. Akaniuliza kama nina picha. Hatukuwa na picha, tulikuwa na njaa. Akaniuliza kama kuna shahidi. Nikampigia Muatasim mbele yake. Kapokea, nikamwambia mwambie binti huyu pale uani palikuwa nini. Nikamsikia anasema kwa kile Kiarabu chake cha mihuri kwamba yeye na mie tushatofautiana kuhusu mambo mengi, na asingependa kuichanganya ofisi ya watu. Kakata.

Ya chui aliiamini! Ya mama yangu haiamini!

Nikakaa pale, tende mkononi, naona tingatinga, naona mkeka. Sasa mtu mwingine angesimama akaenda zake. Mie nikajiuliza, Yaarub, kweli imekusaidia nini? Nikameza tende. Nikamwambia sawa, umenikamata, mwanangu, hapakuwa na mama. Lakini unajua wale walikuwa mbuzi wa aina gani?

Macho yakamfunguka nyuma ya miwani.

Nikampa. Mbuzi wanne, weupe kama pamba, wametolewa zawadi na watu wa mlimani kwa kuwa babu kawaondolea chui. Wakilia alfajiri kabla ya muadhini, mtaa mzima unaamka. Maziwa yao akinyweshwa mtoto bubu, anasema. Babu akaona aibu kuwalaza chini, ndio maana akawajengea chumba kizima, na baraza nje, ili wachungaji wakae wakiwangoja watoke. Mbuzi wenye baraza! Nilikuwa najisikiliza nikastaajabu.

Hadeel akatoka mbio akarudi na mkubwa wake, Injinia Anas, kijana wa kanzu ya kunyooka. Nikaambiwa nirudie. Nikarudia, mbuzi wakawa watano, nikajirudi wakawa wanne. Injinia akasema kiwanja kipya kina kila kitu ila hakina kitu cha watoto. Mbuzi ndio hasa. Hadeel akasema kwa unyonge, lakini matofali ni ya saruji. Injinia akasema haidhuru, watayapaka udongo yaonekane ya kale.

Kwa hivyo chumba cha mama kinahama! Kila tofali. Na baraza yake.

Nimepita Bustan kumwona Rufus akifuta ule msalaba mweusi na kuanza nambari nyekundu. Akaniambia, "Mzee, kwetu watu hulipa pesa mingi block ionekane mpya. Nyinyi mnalipa izeeke." Nikamwambia afanye kazi.

Mahbuba nimempigia. Nimemwambia kweli imeshinda. Sijamweleza kweli ya aina gani.


Jumamosi, 14 Februari 2026

Ufunguzi. Wameuwahisha kabla ya Ramadhani. Kiwanja kikubwa, nyuma ya maduka, maegesho ya magari makubwa kuliko mtaa wetu wote wa zamani. Nyumba ya babu imesimama katikati, safi, haina popo, inaonekana kama mtu aliyeoshwa kwa nguvu. Nimekuja na kilemba cha harusi. Nimewaleta majirani wa Mabela magari mawili, waje wanisikie.

Tukaingia. Spika ikaanza. Chui, birika, wajumbe kumi na saba, neno kwa neno, kazi yangu mwenyewe.

Sauti si yangu.

Kijana mmoja wa redio. Kiarabu safi kama maji ya chupa, kila herufi imekaa pahala pake. Majirani wakanigeukia. Nikasema ile ndo sauti yangu ya ujanani. Nikamkamata Hadeel. Akaona haya, binti wa watu, akasema mkubwa alisikiliza rikodi akaona hadithi nzuri mno, ila matamshi yangu yatawachanganya wageni, watafikiri mzee huyu katoka pengine. Jina langu halipo ukutani. Wameandika "mzee wa mtaa". Muatasim kasimama nyuma yangu. Nikangoja akohoe. Hakukohoa. Akasema tu, sote mle tumekuwa mbuzi, Yaarub, tena wewe wa kwanza. Nikamwambia asogee, ananikanyaga.

Basi tukatoka uani. Chumba cha mama kile pale. Kimepakwa udongo, bati limefichwa kwa makuti. Kibao mlangoni: Banda la Mbuzi wa Baraka. Ndani mbuzi wanne wa plasta, mmoja kachongwa anatabasamu.

Nikamwona Mahbuba. Hakuja peke yake. Kaja na wanawake wake, wale walio hai, Bi Ghaliya kwenye kigari cha magurudumu, wengine na fimbo, wote mabuibui na kanga kichwani chini yake. Nikajificha nyuma ya Rufus. Dada yangu akakisoma kibao. Akakisoma tena. Kisha akaingia.

Akagusa ukuta, kwenye pembe. Akakwangua kwa ukucha mpaka udongo ukatoka na tofali likaonekana. Akaliangalia tofali. Akavua kanga yake akaitupia juu ya yule mbuzi anayetabasamu, akamfunika gubigubi. Wakaingia wote, wakajaa mle, wengine barazani, na mara moja wakaanza kusema, wote kwa pamoja, Kiswahili cha Unguja kile kinachokimbia. Bi Ghaliya akaonyesha alipokaa usiku ule alipozaa. Mwingine akacheka, mwingine akalia, sikujua nani yupi. Mlinzi kaja akawaambia hairuhusiwi kukaa, hiki ni cha maonyesho. Mahbuba akamwambia na sisi pia.

Wageni wakaiacha nyumba ya mawe na yule kijana wa redio anahutubia viti vitupu. Wote wakaja uani kuwatazama mabibi. Injinia Anas anapiga picha, anauliza hawa wamewekwa na nani. Nikatoka nyuma ya Rufus, nikasema na mie.

Kwa sababu ni mie! Kama ningesema kweli tangu mwanzo, pangepigwa msalaba. Mbuzi wangu ndio waliokibeba chumba kile kutoka Bustan mpaka hapa. Na Mahbuba mwenyewe kalijua hilo. Kaniita mbele ya watu wote, kanishika mkono, kaniambia ahsante Yaarub, umemsitiri mama.


Jumapili, 15 Februari 2026

Hadeel kapiga simu. Wamefurahi kupita kiasi. Kuna mnara wa ulinzi huko bara, nao unahamishwa, kuna kiwanda cha maji kinakuja. Wanatafuta mzee anayeujua. Nikamwambia, mwanangu, mie nimezaliwa kwenye mnara ule. Huko sijafika hata kwa kupotea njia. Nimeshaanza kuwatunga ngamia. Ruqaya kaniuliza kama nimepata funzo lolote. Nikamwambia nimepata, mbuzi wanne walikuwa wachache.

Ila kitabu hiki sikidanganyi, basi niseme. Yote ya jana ni kweli, isipokuwa lile la Mahbuba kunishika mkono na kunishukuru. Hilo nimelitia mie. Nilipofika mlangoni kanitazama, akamsogeza mbuzi mmoja pembeni, pakawa na nafasi. Nikadhani ananipa pa kukaa, nikainama nivue viatu.

Akaweka mkoba wake.